Mheshimiwa Aliyelibatiza Ziwa

Kabla ya 1975, mwanafunzi wa Lodwar aliyefungua atlasi alikuta kwamba ziwa lililo mashariki ya mji wake linaitwa Rudolf. Huyo Rudolf hakuwa Mturkana, na ziwa lenyewe hakuwahi kuliona. Alikuwa mrithi wa kiti cha enzi cha Austria na Hungary. Jina lake lilifika huku kwa sababu alikuwa na rafiki mbunge, tena mwenye pesa.

Mbunge huyo ni Sámuel Teleki. Alizaliwa 1845 Transylvania, sehemu ambayo leo iko Romania, katika ukoo wa makabaila wa Kihungari. Alisoma Göttingen na Berlin, akarudi kwenye mashamba ya familia, na 1881 akachaguliwa kuingia bunge la Hungary. Shamba kubwa, kiti bungeni, rafiki ikulu: hapa Kenya mtu wa aina hiyo hatuhitaji kuelezwa. Ni mheshimiwa tu.

Teleki alipenda kuwinda kuliko kuketi bungeni. Alipoamua kuja Afrika Mashariki, Rudolf alimhimiza asiwinde tu, bali atafute lile ziwa la kaskazini ya Baringo ambalo Wazungu walikuwa wamelisikia lakini hawajaliona. Gharama alizitoa mfukoni mwake. Akaandamana na Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini, kwa kazi ya kupima na kuchora ramani.

Safari ilianza Pangani mapema 1887, ikiwa na mamia ya wapagazi. Sasa hapa kuna mtu ambaye vitabu vya shule vinampita haraka: Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka hapohapo Pangani. Miaka minne kabla yake alikuwa amesafiri na Mskoti Joseph Thomson bara ya Wamaasai. Baringo aliijua. Habari za ziwa la mbele alikuwa nazo pia, kwa sababu biashara ya pembe haifanyiki bila habari. Basi ule "ugunduzi" ulianza na mtu aliyeuliza njia, na mwingine aliyekuwa na jibu.

Njiani Teleki alipanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji, kisha akapanda Mlima Kenya juu kuliko Mzungu yeyote kabla yake, ingawa kilele hakukifikia. Msafara uliendelea kaskazini, na mwanzoni mwa Machi 1888 ukalifikia ziwa. Wapagazi, wakiwa wamekauka kwa kiu, walikimbilia maji. Wakakuta yana ladha ya magadi. Teleki naye alitoa jina: Rudolf. Ziwa dogo la kaskazini-mashariki, ambalo leo ni Chew Bahir ya Ethiopia, likapewa jina la Stefanie, mke wa Rudolf.

Majina yalikuwepo, na wageni wenyewe waliyasikia. Wasamburu waliliita Basso Narok, ziwa jeusi. Lile dogo lilikuwa Basso Ebor, ziwa jeupe. Waturkana walikuwa na Anam Ka'alakol, jina ambalo huelezwa kuwa bahari ya samaki wengi. Kurudi, msafara ulipita nchi ya Waturkana na ya Wapokot katika hali ya njaa. Watu waliouliza njia na kutafuta chakula kwa wenyeji walirudi Ulaya na ramani isiyo na jina la wenyeji hao kwenye ziwa lao.

Januari 1889, hata mwaka haujaisha tangu ziwa libatizwe, Rudolf alikufa Mayerling pamoja na mpenzi wake. Teleki hakuandika kitabu. Kazi hiyo aliifanya Höhnel, kwa Kijerumani. Mheshimiwa alikuja tena Kilimanjaro 1895, na akafa Budapest 1916. Dola ya rafiki yake ilisambaratika 1918. Ziwa la Turkana likaendelea kubeba jina la mwana wa mfalme wa nchi ambayo haipo tena.

Aliyelibadilisha ni Jomo Kenyatta, na eneo hili alilijua kwa njia ngumu. Baada ya kifungo cha Lokitaung, serikali ya kikoloni ilimzuilia Lodwar kuanzia 1959 hadi 1961. Mwaka 1975, akiwa rais, ziwa likawa Turkana.

Mambo sawa? Si kabisa. Ufuo wa mashariki una Waelmolo, Wasamburu, Wagabbra na Warendille. Kaskazini wako Wadasanech. Jina jipya ni la Kiafrika, ndiyo, lakini ni la jamii moja kati ya nyingi zinazokunywa, kuvua na kunyweshea mifugo pale. Uamuzi ulitoka juu tena.

Na mchezo huu haujaisha. Soma maandishi ya wageni kuhusu Kakuma, mji uliopokea kambi ya wakimbizi 1992, na utakutana na madai kwamba "Kakuma" ni Kiswahili chenye maana ya mahali pasipokuwepo. Kiswahili gani hicho? Sisi tunaokisema hatulijui neno hilo kwa maana hiyo. Lakini linapendeza kwenye habari ya huzuni, kwa hiyo linanakiliwa na kunakiliwa, na mtoto aliyezaliwa kambini anaambiwa kwamba hata jina la kwao linasema hakuna kitu hapo. Teleki alihitaji mamia ya wapagazi kubandika jina. Siku hizi inatosha sentensi moja.

Kusini ya ziwa bado ipo volkano inayoitwa Teleki. Mlima Kenya kuna Bonde la Teleki, na hata mmea mmoja wa kule juu, Lobelia telekii, unabeba jina lake. Kimemeta aliyeijua njia kabla yake hana hata kilima. Ukiwa Lodwar, ukasikia mzee anataja mto, kilima au kisima kwa jina ambalo halimo kwenye ramani ya simu yako, muulize maana yake, kisha uliandike.