Chuma Nacho Huchoka: Kinachotokea Ndani ya Reli

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara kadhaa. Kitakatika, ingawa kwa kukivuta tu usingekiweza. Huo ndio uchovu wa chuma, na walimu wetu wakubwa wa somo hili ni treni.

Mwaka 1842, karibu na Versailles, Ufaransa, ekseli ya injini ya treni ilikatika na watu zaidi ya 50 wakafa. Wengi waliamini mtikisiko ulikuwa umekibadilisha chuma chote. Mwaka uliofuata, William Rankine wa Scotland akasema hapana: ni ufa unaoanza mdogo na kukua taratibu. Baadaye August Wöhler wa Ujerumani alipima ekseli kwa miaka mingi, na mwaka 1903 Ewing na Humfrey wakauona ufa ukizaliwa chini ya hadubini. Miaka 2 baadaye Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ikafika Dodoma 1910 na Kigoma 1914.

Sasa hebu tuingie ndani ya reli yenyewe. Ukiisugua mpaka ing'ae, uipake asidi kidogo na kuitazama kwa hadubini kali, kumbe si kitu kimoja! Ni tabaka juu ya tabaka, kama chapati: feriti, ambayo ni laini, na sementiti, ngumu lakini huvunjika kama kigae. Mchanganyiko huo unaitwa perlaiti.

Ufa ukipita humo haunyooki. Kila fungu la tabaka limeelekea upande wake, kwa hiyo ufa hulazimika kupinda, na kupinda huuchelewesha. Lakini palipo na utando wa feriti tupu, magurudumu huukanda kila yanapopita, na ufa hupata njia rahisi.

Kuchelewa si kusimama. Huko Hatfield, Uingereza, mwaka 2000 reli ilivunjika vipande zaidi ya 300 na watu 4 wakafa. Nyufa zilikuwa zimeshaonekana kabla. Reli haikubadilishwa kwa wakati.

Tangu 2024 treni ya umeme inakuleta Dodoma kwa kasi ya hadi kilomita 160 kwa saa. Chuma kizuri hutupa muda tu. Usalama wako unategemea anayeukagua ufa ungali mdogo, na anayesikilizwa akisema reli hii ing'olewe.