Run, neno la Kiingereza
Run ni neno la Kiingereza, kitenzi na pia nomino, ambalo maana yake ya msingi ni kukimbia. Mto unaotiririka, pua inayotoka kamasi, injini inayonguruma na nguo inayochuja rangi vyote huelezwa kwa kitenzi hicho. Vivyo hivyo kuendesha duka na kugombea urais. Peter Gilliver, mhariri wa kamusi ya Oxford English Dictionary, alitumia takriban miezi tisa kukichambua, akapata maana 645. Hapo awali, katika toleo la pili la kamusi hiyo, lililotoka mwaka 1989 kwa juzuu 20, neno set ndilo lililoongoza kwa wingi wa maana. Kama nomino, katika kriketi run ni alama.