Bei ya Rafu na Bei ya Kaunta

Jana chumbani tumebishana mpaka saa saba usiku. Rumeti ana binamu yake Marekani, anasema kule kitu kimeandikwa dola 10, ukifika kwa keshia unadaiwa zaidi. Rumeti kasema huo ni wizi. Mimi mtu wa historia nikajifanya kuwatetea.

Mambo yalianzia kwenye ule mdororo mkuu wa uchumi. Kodi za ardhi na nyumba hazilipiki, majimbo yameishiwa. Mwaka 1932 Mississippi ikaweka kodi ya asilimia 2 kwenye mauzo ya rejareja, na majimbo mengine yakafuata. Kasheshe ikawa chenji. Asilimia 2 ya kitu cha senti 10 ni senti 0.2, na sarafu hiyo haipo. Basi majimbo kadhaa yakatengeneza vipande vyao, vya alumini, vya plastiki, hata vya karatasi ngumu, vingine thamani yake sehemu ya kumi ya senti moja. Missouri mwaka 1935 walianza na vikaratasi vya duara kama vifuniko vya chupa za maziwa, jamani! Mtu anatembea navyo mfukoni ili asipunjwe. Hao hao Missouri ndio walikuwa wa mwisho kuachana na vipande hivyo, mwaka 1961.

Si wangechanganya tu kodi kwenye bei yakaisha? Wenye maduka hawakutaka lawama ya bei kupanda iwaangukie wao, na majimbo mengi yalikataza duka kutangaza kwamba litambebea mteja kodi. Ikabaki pembeni. Halafu kiwango kinabadilika mpaka mji kwa mji, na Oregon kodi hiyo hawana kabisa.

Kwetu VAT ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, na dukani bei unayoiona ndiyo unayolipa. Raha. Ila tunalipa bila kuiona. Mwaka 2009 ilishuka hadi 18. Nimempigia mama simu kumuuliza kama anakumbuka bei kushuka. Kacheka tu.

Rumeti akaniuliza, kwa hiyo unataka nini? Nikamwambia, bei nzima kwenye rafu, na kodi ionekane wazi kwenye risiti. Akasema, risiti yenyewe lini umewahi kuidai? Hapo kanikamata. Ngoja niwahi kipindi.