Bao Mnalocheza Nyumbani Limekatwa Nusu

Wiki iliyopita niliposti video fupi: binamu yangu wa miaka 9 ananifunga bao mbele ya familia nzima, mimi nimeshika kichwa, shangazi anapiga vigelegele kama harusi. (Najua neno "bao" lina kazi nyingi huku mtaani. Mliokwisha anza kucheka tulieni, leo ni mashimo na kete tu.) Komenti zikagawanyika. Kuna waliosema, "Si huo ni mchezo wa wazee?" Na kuna waliosema, "Hata sisi kwetu twacheza hivyo hivyo, kete mbili mbili."

Hao wa pili ndio walionikosesha usingizi. Manake kete mbili mbili ni bao, lakini si bao lote.

Nianze na hilo tunalojua. Hapa Ziwa la Ng'ombe watoto hawana haja ya ubao. Wanachimba mashimo mchangani nyuma ya nyumba, safu 4 za mashimo 8, wanatafuta vijiwe au komwe, zile mbegu ngumu za kijivu zinazookotwa pwani, na mchezo unaanza. Kila shimo kete 2. Mashimo 32, kete 64. Unachota, unatia moja moja, ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete na la mwenzako linalokutazama lina kete pia, umekula. Ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu si yako tena. Safu yako ya mbele ikibaki tupu umefungwa. Mtoto anaelewa kwa nusu saa, na chakula kikiiva mnaacha tu hapo. Wenyewe wanaojua huliita bao la kujifunza.

Mimi nililicheza hivyo mpaka nikafika miaka 19 nikidhani ndilo bao.

Bao lenyewe, lile linaloitwa bao la Kiswahili, linaanza karibu na utupu. Kila mmoja ana kete 10 tu ubaoni: 6 kwenye nyumba, lile shimo la mraba la safu ya mbele ambalo wengi wetu tulidhani ni urembo wa fundi, na 2 na 2 kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki unazo mkononi. Kila zamu unaingiza moja, na huko ndiko kunamua. Mpaka mkono uishe mshapigana vita vizima, na mtu anaweza kufungwa kabla hajamaliza kete zake. Mkono ukiisha ndipo mnaingia mtaji, na hapo mchezo unafanana kidogo na huu wetu wa mchangani. Halafu kuna sheria za nyumba: lini unaruhusiwa kuisafiri, lini unaiacha, lini unalazimika kutakasa kwa sababu huna cha kula. Nyumba ikishavunjwa haijengwi tena.

Sasa sikilizeni hii, kwa sababu ndiyo hoja yangu. Kucheza kwa mashimo na kete Afrika nzima inajua. Wajaluo wana ajua ya safu 2, na Wakikuyu wana giuthi. Kule Hyrax Hill, Nakuru, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa juu ya mwamba. Waganda wana omweso, safu 4, mashimo 32, kete 64 kama sisi, ila wote wanaanza na kete ubaoni. Oman kuna hawalis, safu 4 za mashimo 7, kete 2 kila shimo. Yaani mzee wa Oman na ndevu zake anakaa anacheza kitu ambacho kinakaribia sana bao letu la kujifunza, wala hakuna anayemwambia anajifunza. Kwa hivyo sidharau bao la kete mbili mbili. Ni mchezo kamili, na mimi nimefungwa nalo na mtoto wa darasa la nne.

Lakini kuanza na mkono uliojaa na ubao karibu mtupu, na kuwa na nyumba ya kulinda, hiyo ndiyo alama ya upande wetu wa bahari, kuanzia huku Pwani na Zanzibar hadi Malawi, ambako wanaliita bawo. Sisi tukabakisha kile ambacho hata Muscat wanacho, tukaangusha kile ambacho ni chetu.

Na si jambo la juzi. Mwaka 1658 Mfaransa Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa kule Madagaska, alichapisha kitabu kuhusu kisiwa hicho, na ndani yake mna mchezo wa jamii hii uitwao fifanga. Sisi hapa Mombasa tuna shahidi wetu: Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita aliyefariki mwaka 1840, yule aliyekuwa upande wa Wamazrui wakati wa ugomvi wao na Seyyid Said. Muyaka ana shairi lake la bao. Fikirini kidogo. Mji unagombaniwa, Seyyid Said anauchukua mwaka 1837, na mtu ambaye mashairi yake yalikuwa kama matangazo ya vita anachukua muda kutunga juu ya bao. Wasikilizaji wake lazima walijua anachosema, manake hutungi shairi la mchezo ambao hakuna anayeuelewa.

Halafu kuna majirani zetu wa Frere Town. Kutoka kwetu ni boda ya dakika chache. Wamisionari wa CMS walianzisha kijiji kile mwaka 1875 kwa watu waliokombolewa utumwani, na baadhi ya watu hao walitoka pande za Ziwa Nyasa, huko huko ambako bawo linachezwa mpaka leo. Sisemi wao ndio walioleta bao Mombasa, Muyaka alikuwa kaburini miaka 35 tayari. Nasema tu kwamba ukipita Kengeleni ukiangalia ule mnara wa kengele, jua kuna watu waliofika hapo hawana kitu mkononi, na huu mchezo hauhitaji kitu. Mchanga upo na vijiwe vipo.

Sasa mbona tuliangusha namua? Kila mtu ana jibu moja: simu. Vijana na simu zao. Nimelisikia kwa shangazi, kwa mwalimu, hata kwa jamaa mmoja aliyeniambia hayo huku anatazama TikTok. Mimi sikubali. Mama yangu amekua bila simu, na namua haijui. Dada zake wote wanajua kete mbili mbili tu. Kaka zao wawili wanajua bao zima. Simu iliingia wapi hapo?

Jibu liko kwenye nyumba. Nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na sehemu mbili za kukaa. Nje kuna baraza, kile kibao cha saruji au mawe ukutani, ndiko wanaume wakikaa baada ya alasiri. Ndani nyuma kuna ua, ndiko mama zetu na watoto. Bao lilikuwa kotekote, lakini si bao moja. Uani lilichezwa hili jepesi, la kuachwa wali ukiiva. Barazani lilichezwa lile zito, na pamoja nalo kulikuwa na habari, siasa, madeni, nani anaoa wapi. Na siasa hapo si utani. Tarehe 7 Aprili 1972 Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, alipigwa risasi akafa katika makao makuu ya Afro-Shirazi Party pale Kisiwandui, akiwa anacheza bao. Nyerere naye picha zake akiwa ameinamia ubao wa bao mmeziona. Wakubwa wa nchi walikaa hapo kama mzee yeyote wa mtaa, na mwanamke hakuwa na kiti.

Kisha baraza lenyewe likaanza kutoweka. Zungukeni mtaani kwetu muangalie. Pale palipokuwa na nyumba moja yenye baraza sasa kuna vyumba vya kupangisha vinavyotazamana, au ghorofa lenye geti. Geti halina baraza. Wazee walihamia chini ya mwembe, mwembe ukakatwa, wakahamia karibu na steji ya boda, na hapo wamebaki watatu na ubao mmoja. Vijana wakikaa nje kundi zima wanatazamwa vibaya, kila mtu anauliza wanapanga nini. Kwa hivyo lile la barazani likakosa pa kuketi. Lile la uani likabaki, kwa sababu ndani ya nyumba watu bado wanasubiri chakula.

Mimi nililipata lile zito kwa bahati tu, na bahati yenyewe ilikuwa mbaya.

Mwaka 2020, mwezi wa Machi, kafyu ikaanza: saa moja jioni kila mtu ndani. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka kaunti. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa na mwenzake mmoja wa bao wa miaka mingi. Mwenzake anakaa Mtwapa. Nyinyi mnajua Mtwapa ni hapo tu, unavuka daraja umefika, lakini Mtwapa ni Kilifi, nayo Kilifi ilifungwa vilevile. Wazee wawili, matatu moja kati yao, na hawaonani. Wajomba zangu wako Nairobi. Nyumbani tumebaki mimi, mama, shangazi, na watoto.

Babu alikaa siku kama kumi anacheza peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Siku moja nikapita na chai, nikamwambia, "Babu, nipange?" Akaniangalia kama nimemwomba shamba.

"Hili si la uani, mke wangu."

"Basi nifunze la barazani."

"Baraza li wapi sasa?" akasema, na akasogeza kiti.

Wiki mbili za kwanza nilifungwa kabla sijamaliza kete za mkononi. Kila siku. Babu hafundishi kwa maneno, anakula tu, halafu anakaa kimya mpaka uone mwenyewe ulipokosea. Nikichelewa anasema, "Yuwaja huyo," na kweli zamu mbili baadaye anakuja, nyumba yangu inavunjwa. Usiku nikawa namua naiota. Nilimfunga mara ya kwanza mwezi wa Julai, siku chache baada ya njia ya Mtwapa kufunguliwa. Hakusema hongera. Alimpigia mwenzake simu akamwambia aje haraka, kuna mtu anataka kumwonesha.

Mwenzake alikuja, akacheza nami, akanifunga mara tatu, akamwambia babu, "Huyu ungemleta barazani." Babu akajibu kwamba mimi ni msichana. Yule mzee akasema yeye hakuuliza hilo.

Mnaweza kudhani hapo ndipo nilipokaribishwa steji kwa wale wazee watatu. Wapi. Nilienda mara moja. Walinisalimia vizuri sana, wakaniuliza habari za babu, wakaniagizia soda, na hakuna aliyeondoka kwenye kiti. Nikanywa soda nikarudi. Sina kinyongo nao, ila nataka mjue, manake wale wale ndio wanaolalamika kila siku kwamba vijana hawataki kujifunza.

Na huku sisi tunangoja kukaribishwa, kuna watu hawakungoja. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa bao Zanzibar, akajifunza kwao, na mwaka 1995 akatetea tasnifu yake Chuo Kikuu cha Leiden kuhusu namna mabingwa wale wanavyofikiri. Wengine wa Maastricht wakaliingiza kwenye kompyuta kupima uzito wake. Sina ubaya nao hata kidogo, walifanya kazi. Ila nilipokuwa nikitafuta jina la kosa moja ambalo babu hunitegea kila mara, nililipata kwenye maandishi ya Kiingereza, niko nimekaa hatua tano kutoka kwa babu mwenyewe.

Kwa hivyo nimeamua hivi. Babu mkono wake wa kulia sasa unatetemeka, kete zinamponyoka, lakini macho yako sawa. Yeye anasema shimo, mimi natia. Tutacheza hivyo uani, na nitarekodi, namua kuanzia kete ya kwanza ya mkononi hadi mtaji, pole pole, kwa Kiswahili, na maneno yenyewe anayotumia. Wasichana, hasa nyinyi, uani ni kwetu, hakuna wa kutuagizia soda.

Tunaanza Jumamosi hii baada ya alasiri. Walio karibu waje, viti vipo vinne, wengine mje na mikeka. Nimehesabu kete jana usiku ziko 63. Moja ilionekana mara ya mwisho mfukoni mwa mtoto wa jirani wa chumba cha mwisho, na mama yake najua anasoma hapa. Dada, tafadhali, kabla ya kufua hiyo suruali.