Kutafuta dawa ya moyo isiyobana mapafu

Mgonjwa wa pumu anapopatwa na maradhi ya moyo, daktari wake hukabiliwa na uamuzi mgumu. Dawa za kundi la vizuia beta, ambazo hupunguza kasi ya mapigo ya moyo na shinikizo la damu, zinaweza pia kubana njia za hewa na kuhatarisha maisha yake.

Chanzo ni vipokezi, yaani protini zilizo kwenye utando wa seli ambazo hupokea ujumbe wa homoni. Adrenalini ikishika kipokezi cha beta-1, moyo hudunda kwa kasi. Ikishika cha beta-2, njia za hewa hupanuka. Salbutamoli, dawa ya kuvuta inayotumiwa na wagonjwa wa pumu, nayo hutegemea beta-2. Kipokezi hicho kikizuiwa, nafuu yake hupungua.

Mwaka 1948 mtafiti wa Marekani, Raymond Ahlquist, alipendekeza kuwa vipokezi vya adrenalini vigawanywe katika alfa na beta. Wazo hilo lilimwongoza James Black, Mskoti aliyefanya kazi katika kampuni ya ICI ya Uingereza, hadi kupatikana kwa propranololi katika miaka ya 1960. Dawa hiyo huzuia beta-1 na beta-2 kwa pamoja. Tofauti ya aina hizo mbili ilibainishwa mwaka 1967, na baadaye zikaja dawa zinazolenga zaidi moyo, kama atenololi.

Hata hivyo, utafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa nyingi ya dawa hizo hazitofautishi sana vipokezi hivyo viwili vya binadamu.

Sababu ilidhihirika umbo la beta-2 ya binadamu lilipochorwa mwaka 2007, na la beta-1 ya bata mzinga mwaka 2008: sehemu ambayo dawa hujishikiza inakaribia kufanana kabisa katika vipokezi vyote viwili. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012 kwa tafiti zao kuhusu familia hiyo ya vipokezi.

Kazi ya namna hii haiwezi kukamilishwa na fani moja. Ndiyo maana nchini Uingereza baadhi ya wanafunzi wa shahada ya uzamivu husimamiwa kwa pamoja na chuo kikuu na kampuni ya dawa. Mkemia huunda molekuli na kubadilisha kipande chake kimoja. Mtaalamu wa baiolojia huipima kwenye seli zenye beta-1, kisha kwenye zenye beta-2. Matokeo humrudia mkemia, na kazi huanza upya.

Kinachotafutwa ni uwiano. Kadiri dawa inavyoshika beta-1 mara nyingi zaidi kuliko beta-2, ndivyo mgonjwa wa pumu anavyoweza kutibiwa moyo bila kukosa pumzi.