Kiti cha Chandigarh: kabla ya kukinunua, kisome

Wale wamepita kwenye masomo ya historia wanajua kazi yetu ya kwanza: karatasi haiaminiwi bure. Tunauliza nani aliiandika, lini, na nani ameigusa kisha. Leo tufanye kazi ileile na kiti. Kiti cha ofisi, cha mbao, ambacho leo kinauzwa maelfu ya dola.

Tuanze mwaka 1947. India inagawanywa, jimbo la Punjab linakatwa pande mbili, na Lahore, mji wake mkuu, unabaki Pakistan. Serikali ya Nehru inaamua kujenga mji mpya kabisa, Chandigarh. Kazi inapewa Le Corbusier, naye anamleta binamu yake, Pierre Jeanneret. Le Corbusier alikuwa wa kuja na kurudi. Jeanneret ndiye aliyekaa, toka 1951 mpaka 1965.

Mahakama, bunge, maktaba, chuo kikuu: kila jengo lilitaka viti. Jeanneret na wenzake Wahindi, kama Eulie Chowdhury, walichora. Mafundi wa kulekule wakatengeneza kwa mbao ngumu, hasa tiki, na kusuka makalio kwa henzirani, zile fito ambazo Kinshasa wanaziita kekele. Vingine walivivalisha ngozi. Hakukuwa na kiwanda kimoja, karakana zilikuwa nyingi. Ndiyo maana viti viwili vya kweli vinaweza kutofautiana kidogo kwa vipimo, na hiyo si dalili ya uongo.

Miaka ikapita. Viti vikavunjika, vikarundikwa juu ya mapaa na nyuma ya majengo, na ofisi zenyewe zikaviuza kwenye mnada kwa bei ya takataka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, wauzaji kutoka Ufaransa wakaanza kuvinunua kwa wingi. Wakavitengeneza upya, wakavipeleka kwenye minada ya Paris, London na New York. Bei ikapanda, na waongo wakaingia sokoni. Basi swali likawa moja: hiki kiti kiko vile kilivyotoka kwa fundi wa kwanza, ao kimevuliwa nguo na kuvalishwa zingine?

Jibu halipatikani kwa kukiangalia usoni. Kigeuze.

Kwanza, verni. Angalia pahali mikono na jua havifiki: chini ya makalio, ndani ya maungio. Verni ya zamani inachakaa mahali mtu anapogusa, yaani kwenye mikono ya kiti na kwenye miguu, na inabaki nzito kwenye pembe. Kama kiti kizima kinang'aa sawasawa, juu na chini, kuna mtu alipita na msasa. Msasa unaacha alama nyingine tena: kingo zinakuwa laini kama sabuni iliyotumika. Halafu kuna taa ile ya kambisti, ya kukagulia noti. Shelaki, utomvu wa wadudu ambao India imeuuza duniani kwa karne nyingi, inatoa rangi ya chungwa chini ya taa hiyo. Inayeyuka pia kwa alkoli, lakini jaribu pahali pa kujificha tu. Verni ya kisasa ya poliuretani haiyeyuki hivyo.

Pili, ngozi na kitambaa. Hesabu matundu ya misumari kwenye fremu. Kama matundu ni mengi kuliko misumari, kiti kimeshabadilishwa nguo. Tafuta nyuzi zilizobaki chini ya msumari wa zamani, juu ya mara nyingi rangi ya kitambaa cha kwanza inajificha pale. Ona pia tumbo lake: musi nyeupe, safi, haina miaka 60.

Tatu, henzirani. Hapa tuwe wapole. Henzirani inakatika, na hata ofisi za Chandigarh zilikuwa zinaisuka upya. Henzirani mpya kwenye fremu ya zamani ni matengenezo, si wizi. Wizi unaanza pale muuzaji anaposema ni ya zamani.

Nne, na hili ndilo kubwa, maandishi. Viti vingi vilipigwa rangi ya herufi na namba mgongoni: jina fupi la idara na namba ya kiti. Ni hesabu ya mali ya serikali, na kwa mwanahistoria ni cheti cha kuzaliwa. Lakini cheti kinaweza kughushiwa pia. Angalia mikwaruzo: kama inakata herufi, herufi zilitangulia. Kama rangi ya herufi imeingia ndani ya mikwaruzo, ziliandikwa kisha.

Sasa ona ubaya wenyewe. Soko linalipa kwa ajili ya uzamani, lakini linataka kitu kinachong'aa sebuleni. Fundi anapiga msasa ili kiuzike, na msasa uleule unafuta jasho la karani aliyekaa pale miaka 30. Mwaka 2011 serikali ya India ilizuia kuuza mali hizo za urithi. Lakini sheria yake ya mambo ya kale, ya 1972, inalinda vitu vya miaka 100 na zaidi, na viti hivi havijafika huko. Vingi vilikuwa vimeshaondoka.

Usiseme ni mambo ya Wahindi. Hapa jirani, Brazzaville, mwaka 1951 zilijengwa nyumba mbili za chuma na aluminiamu za Jean Prouvé. Zilibaki pale kwa karibu miaka 50, mpaka na matundu ya risasi za vita. Muuzaji mmoja wa Paris, Eric Touchaleaume, ambaye alinunua pia samani za Chandigarh, akazitoa. Mwaka 2007 moja iliuzwa New York kwa karibu dola milioni 5. Sisi tuliona mabati mazee, mwingine akaona historia.

Kwenye ofisi na shule zetu kuna viti na meza za zamani vyenye namba za inventeri. Sisemi vyote ni mali ya thamani. Nasema kabla ya kupiga msasa, kupaka rangi ao kuchoma, kigeuze, piga picha, andika namba na chumba kilipotoka. Hiyo haiombi ruhusa ya waziri wala dola moja. Kiti kikiisha kufutwa, hakuna profesa atakayekirudishia maandishi yake.

Kwenye iniversite yenu, kiti kizee kuliko vyote kiko wapi, na chini yake kumeandikwa nini?