Kijiji cha Mojowarno: Habari za Wakulima wa Java na Ubatizo Wao

Mashariki mwa kisiwa cha Java, upande wa kusini-mashariki ya mji wa Jombang, kiko kijiji cha wakulima kiitwacho Mojowarno. Kazi ya watu wake tangu mwanzo ni ile ile ya majirani zao: kulima mpunga katika mashamba ya maji. Mgeni apitaye njiani asingekitambua miongoni mwa vijiji vingine, ila kwa kanisa lake kubwa lenye maandishi ya hati ya Kijava ukutani, upande wa mbele. Walakini tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu tarikhi yake, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo kila mwalimu wa misioni hukutana nalo: mtu akiisha kubatizwa, je, imempasa kuziacha lugha na desturi za wazee wake pamoja na dini yao? Katika nchi hii swali hilo halikuwa la vitabuni tu. Watu walipoteza mashamba yao kwa ajili yake.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe. Ni bonde la mto Brantas, lenye milima ya moto kandokando, na majivu ya milima hiyo ndiyo yaliyoupa udongo rutuba yake. Katika karne ya 14 hapa ndipo palipokuwa makao ya dola kubwa ya Majapahit, wakati wa mfalme Hayam Wuruk na waziri wake Gajah Mada. Na magofu yake ya matofali mekundu yaonekana hata leo huko Trowulan. Jina la dola hiyo latokana na tunda liitwalo maja, na neno pahit, maana yake chungu. Tunda hilo hilo ndilo lililo katika majina ya vijiji tutakavyovitaja: Mojowarno, Mojowangi na Mojoroto; maana warno ni rangi au namna, wangi ni harufu nzuri, na roto ni tambarare. Dola ilipoanguka, msitu ulirudi ukafunika sehemu kubwa ya nchi, na mwanzoni mwa karne ya 19 sehemu za kusini ya Jombang zilikuwa bado pori ambalo watu waliliogopa kuwa makao ya pepo.

Nyakati zenyewe zilikuwa nzito. Tangu mwaka 1825 hata 1830 Java ilikuwa katika vita vya Mwana wa mfalme Diponegoro na Waholanzi. Vita vilipokwisha, liwali mkuu Johannes van den Bosch akaanzisha amri ya kilimo cha lazima: wanakijiji watoe sehemu ya ardhi na kazi ya mikono yao kwa mazao ya serikali, kama miwa, nili na kahawa. Basi si ajabu kwamba wengi walitafuta mahali pa kuanza maisha upya, na si ajabu kwamba wengi walitafuta pia neno jipya la kuutuliza moyo.

Neno la namna hiyo Wajava huliita ngelmu. Wasomaji wetu watalitambua mara moja, kwa kuwa asili yake ni ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi neno elimu. Lakini maana yake si mafundisho ya shuleni. Ngelmu ni ujuzi wa siri wenye nguvu, ambao mtu huupokea kwa mwalimu wake, yaani guru, akauweka moyoni kama hazina. Vivyo hivyo karamu yao ya kuombea heri, iitwayo slametan, yatokana na shina lililotupa neno salama. Jirani huitwa, chakula hubarikiwa, kila mmoja hula kidogo na kupeleka kingine nyumbani; na asiyeshiriki huhesabiwa kuwa amejitenga na wenzake. Mambo haya mawili, ngelmu na slametan, yatupasa tuyakumbuke ili tufahamu yaliyofuata.

Karibu na mwaka 1827 mtu mmoja, Coenraad Laurens Coolen, alianza kufyeka msitu wa Ngoro, kusini ya Jombang. Baba yake alikuwa wa asili ya Urusi, na mama yake Mjava wa jamaa za wakubwa. Alikuwa ametumika katika kazi ya misitu ya serikali, akapata ruhusa ya kuifungua nchi ile. Watu wakamfuata, kwa kuwa alikuwa na ardhi ya kugawa, tena alisema Kijava kama wao, akizijua ngoma zao za shaba ziitwazo gamelan, na mchezo wa vivuli vya ngozi uitwao wayang. Siku ya Jumapili aliwakusanya nyumbani kwake, akawafundisha Sala ya Bwana, Imani ya Mitume na Amri Kumi kwa Kijava, akiyatia mafundisho katika nyimbo za mtindo wa nchi. Yasimuliwa pia kwamba wakati wa kulima alishika plau yeye mwenyewe, akaimba maombi ambamo jina la Yesu lilitajwa pamoja na jina la Dewi Sri, mama wa mpunga wa mila ya kale. Kwa wakulima wa Ngoro, Coolen alikuwa guru na mafundisho yake yalikuwa ngelmu.

Jambo moja tu alilikataa: hakutaka watu wake wabatizwe. Hoja yake ilikuwa kwamba ubatizo ni desturi ya Waholanzi, na Mjava abatizwaye atageuka kuwa Mholanzi wa bandia.

Wakati huo huo, katika mji wa bandari wa Surabaya, alikuwako mtengeneza saa Mjerumani, jina lake Johannes Emde, mtu wa sala na bidii kubwa. Yeye na wenziwe waligawa vitabu vidogo na sehemu za Maandiko kwa Kijava. Tafsiri ya kwanza ya Agano Jipya ilikuwa kazi ya mmisionari Gottlob Brückner wa Semarang, nayo ilipigwa chapa huko Serampore, katika Bara Hindi. Nakala zake zilipofika Java mwaka 1831, serikali ilizikamata kwa kuogopa fitina. Lakini neno halikuzuiliwa lote. Katika kijiji cha Wiung, karibu na Surabaya, mtu aitwaye Pak Dasimah alipata sehemu ya Injili ya Marko. Yeye na rafiki zake wakaisoma, na mara kwenye mstari wa kwanza wakakwama: yawezekanaje Mwenyezi Mungu awe na Mwana? Hakuna mwalimu wa kizungu aliyewaletea swali hilo. Walilipata kitabuni wao wenyewe. Waliposikia kwamba Ngoro yuko mtu ajuaye habari hizo, wakafunga safari kwenda kumwuliza Coolen. Na baadaye wakafahamiana na watu wa Emde mjini.

Tarehe 12 Desemba 1843, Wajava 35 walibatizwa kanisani Surabaya. Walitoka kwenye maji ya ubatizo wakaingia katika sheria nyingine, maana Emde aliona kwamba Mkristo ni lazima aachane na kila jambo la Kijava. Mwanamume akate nywele zake ndefu, asichukue kisu cha heshima kiitwacho keris, asisikilize gamelan wala kutazama wayang, asihudhurie slametan, asiwatahiri wanawe. Basi lile aliloliogopa Coolen likatimia machoni pa majirani, nao wakawadhihaki waongofu kwa usemi wao kwamba watu hawa hawakufika kuwa Waholanzi, na wamekuwa nusu tu ya Wajava.

Habari zilipofika Ngoro, baadhi ya wakulima wa Coolen walitamani ubatizo nao, wakaenda Surabaya kubatizwa. Coolen hakuwavumilia. Ardhi ilikuwa mkononi mwake, naye akawaambia waondoke. Tufikiri maana ya jambo hili kwa mkulima. Shamba la mpunga wa maji haliwi shamba kwa msimu mmoja. Lazima lisawazishwe, lijengewe kuta za udongo, lipitishiwe mifereji. Watu hawa walikuwa wameyafanya hayo yote kwa mikono yao, kisha wakayaacha nyuma. Walikuwa wakisukumwa pande zote mbili: mwalimu wa kwanza aliwapa shamba na lugha yao akawanyima ubatizo, wa pili aliwapa ubatizo akawataka wajivue ujava wao.

Njia ya tatu waliifungua wao wenyewe, kwa shoka. Mkuu wao alikuwa Abisai Ditotruno. Pamoja na jamaa kadhaa aliingia katika msitu wa Kracil, kaskazini ya Ngoro, katika miaka iliyofuata 1844, na huko ndiko kulikozaliwa Mojowarno, kisha vijiji vya jirani. Katika desturi ya Java, yule afyekaye msitu kwanza huitwa cikal bakal, yaani shina la kijiji. Yeye na wazao wake wana heshima ya pekee, na neno lao lasikilizwa katika mambo ya ardhi na maji. Kwa kufyeka Kracil, Wakristo hawa wakawa wenyeji kwa sheria ya kale ya nchi yao. Tangu siku hiyo hapakuwa na mtu wa kuwaambia waondoke. Na kwa kuwa walikuwa wamekaa salama katika pori lililoogopwa, jirani waliona kwamba ngelmu yao ina nguvu.

Mwenzake Ditotruno katika mambo ya roho alikuwa Paulus Tosari. Zamani aliitwa Kasan, naye alikuwa amesoma katika shule ya Kiislamu kabla ya kufika Ngoro. Akawa mchungaji wa kijiji kipya. Alitunga utenzi wa mafundisho uitwao Rasa Sejati, yaani maana ya kweli, kwa mizani ya nyimbo za Kijava, ili wasiojua kusoma waweze kuushika kwa kuimba. Tena alianzisha ghala ya maskini: kila avunaye huweka sehemu ya mpunga wake, na aliyepungukiwa hupata humo. Twaona jinsi desturi ya slametan, ya kugawana chakula kijijini, ilivyopata mahali pake katika kanisa. Tosari alikufa mwaka 1882.

Mwaka 1851 Jelle Eeltjes Jellesma, mmisionari wa chama cha Kiholanzi, alihama Surabaya akaja kukaa Mojowarno. Alikuta kanisa limekwisha kuwako. Hakukifuata kinyozi cha Emde, wala hakukubali kufungia watu ubatizo kama Coolen. Alifanya kazi pamoja na Tosari, akakusanya vijana nyumbani mwake, akawafunza na kuwatuma vijijini, kwa kuwa aliona wazi kwamba Mjava humsikiliza Mjava. Alikufa huko mwaka 1858, baada ya miaka saba tu.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya lugha. Kijava kina madaraja. Kwa mtoto au rafiki mtu husema ngoko. Kwa mkubwa husema krama, na maneno mengi hubadilika kabisa. Mtu akikosea daraja, ametukana au amejitweza bila kukusudia. Basi mfasiri wa Maandiko hakutafuta maneno tu. Kila sentensi ilimlazimu aamue ni nani mkubwa wa nani. Tafsiri mpya ya J. F. C. Gericke, Agano Jipya mwaka 1848 na Biblia nzima mwaka 1854, iliwapa watu kitabu chenye adabu ya lugha yao, na Yesu akaitwa Gusti, jina la heshima la bwana mkubwa. Mwalimu asiyejua krama hawezi kusali mbele ya watu wa Java bila kuwaudhi.

Desturi iliyogeuzwa kwa uzuri zaidi ni ya mavuno. Kwa Wajava wa kale mpunga ni mwili wa Dewi Sri; kwa hiyo wanawake waliukata suke kwa suke, kwa kisu kidogo kiitwacho ani-ani kilichofichwa kiganjani, usije ukashtuka. Mavuno yakiisha, kijiji kilifanya karamu. Wakristo wa Mojowarno hawakuifuta furaha hiyo. Waliifanya sikukuu iitwayo unduh-unduh, maana yake kuchuma, ambapo kila mtaa huleta mazao yake kanisani katika majukwaa yaliyopambwa, kwa maandamano, na kuyatoa kwa Mungu. Jina la Dewi Sri halitajwi tena. Lakini shukrani ya mkulima imebaki mahali pake, katika msimu wake. Sikukuu hiyo yafanyika hata siku hizi.

Mengine tutayapitia kwa haraka. Kanisa kubwa tulilolitaja mwanzoni lilianza kujengwa mwaka 1879, likafunguliwa mwaka 1881. Mwaka 1894 hospitali ya misioni ilifunguliwa kijijini, chini ya tabibu H. Bervoets. Mmisionari Albertus Kruyt, aliyesifika baadaye kwa kazi yake katika kisiwa cha Sulawesi, alizaliwa Mojowarno mwaka 1869, na bila shaka utoto wake kati ya Wajava haukukosa kumfunza jambo. Hata tarehe 11 Desemba 1931, wajumbe wa makanisa ya Java ya Mashariki walikutana Mojowarno, wakaanzisha kanisa lenye kujitawala, Greja Kristen Jawi Wetan, yaani Kanisa la Kikristo la Wajava wa Mashariki. Jina lenyewe ni la Kijava, na neno Jawi ndilo umbo la krama la neno Jawa.

Tukiwapima Coolen na Emde, haitupasi kuwadharau. Bila Coolen wakulima wale wasingaliisikia habari njema kwa sauti waliyoizoea. Bila Emde wasingaliletwa kwenye ubatizo. Lakini wote wawili walikosea mahali pamoja: kila mmoja alidhani kwamba Ukristo na uholanzi ni kitu kimoja, huyu akauzuia kwa sababu hiyo, na yule akaudai kwa sababu hiyo hiyo. Waliovitenga vitu hivyo viwili ni watu wenye jembe na shoka, waliotaka ubatizo na nywele zao pia. Nasi tunaofundisha vijijini, tunapotaka kujua ni desturi ipi iachwe na ipi ibaki, na tuanze kwa kuwauliza wale watakaoishi nayo, wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna.